Asali Isiyoonjwa

Mimi nauza chai Kasenga, hapa Uvira, na asali ninayoitia kwenye chai hiyo naifuata mwenyewe Luvungi, kwa mzee Libérat. Naanza na hilo kwa sababu wateja wa Uvira wana maneno. Wananiuliza kama asali yangu ni ya kweli huku wakinikazia macho kama askari wa kizuizi cha barabarani anayepekua mzigo. Mmoja anaijaribu kwa kiberiti, mwingine anaidondosha kwenye glasi ya maji aone kama itazama, mwingine anaipaka kwenye karatasi na kusubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Na ni hao hao wanaonunua sokoni sukari iliyochemshwa ikatiwa rangi, wakaisifu mtaa mzima. Nimeacha kubishana nao. Nawaambia tu, nendeni mkaone inakotoka, na mpaka leo hakuna aliyekwenda.

Mimi huenda. Nashuka garini pale Luvungi barabarani, napita nyuma ya soko, navuka mfereji wa mashamba ya mpunga, kisha nafuata njia inayopanda kuelekea milimani katikati ya mihogo. Nyumba ya mzee Libérat iko pale mihogo inapoishia na mikaratusi inapoanza. Ni nyumba ya matofali ya udongo yenye bati, jiko lake pembeni, na mizinga imetundikwa kwenye miti yote inayoizunguka. Mizinga yenyewe ni ya kizamani: matete yaliyosukwa, yakasilibwa kwa mavi ya ng'ombe, yakavikwa maganda ya migomba yasilowe mvua. Aliisuka mwenyewe, kama alivyofundishwa na baba yake. Kuna mwaka shirika moja lilimletea mizinga ya kisasa ya mbao, mizuri, imepakwa rangi. Alishukuru sana, akailaza chini, akawaachia kuku watagie humo.

Nilipoanza kwenda kwake, nyumba ile ilikuwa na kelele. Mkewe, mama Bernardine, alikuwa mtu wa kuanza kucheka kabla hujamaliza kusema. Ungekuta wanawake wa jirani wakimenya mihogo kivulini, watu wa shirika lao la kanisa wakibishana juu ya nani ataongoza nyimbo Jumapili, na motari wa pikipiki aliyemleta mtu tangu asubuhi akasahau kurudi barabarani. Mzee angeshuka kutoka mtini na ndoo yake, mwembamba, mrefu, moshi umemjaa kwenye shati, nyuki wachache bado wanamzunguka kichwani. Asali hakuichemsha. Masega yalikatwa, yakakamuliwa kwa mkono kwenye kitambaa, na asali ikajishukia yenyewe taratibu mpaka kwenye bidoni, dumu la plastiki. Ukikuta kipande cha nta au bawa la nyuki ndani, alikuambia usilitoe.

"Iyo ndiyo muhuri yangu," alisema. "Asali ya sukari haina mabawa."

Sasa, huku kwetu kuna jambo ambalo mgeni ni lazima alijue. Mwenye nyumba akikupa kitu cha kula au cha kunywa, anaonja yeye kwanza, mbele ya macho yako. Na kila chombo kinachofunguliwa kinaonjwa upya; hata kama ni asali ya siku moja na ya mzinga mmoja, ikishatiwa kwenye chupa nyingine, inaonjwa tena. Hakuna anayeeleza sababu, maana kila mtu anaijua. Katika bonde hili la Ruzizi sumu inaogopwa kuliko malaria. Mtu akifa ghafla, anayesema ni ugonjwa huangaliwa kama mtoto asiyejua dunia. Mimi kwa mdomo wangu huu nimeshauliza mara nyingi: hao watia sumu, mbona hatujawahi kumwona hata mmoja? Lakini nami nikipewa kikombe, nangoja mwenyewe aanze. Ndivyo tulivyolelewa, na mkono unakataa wenyewe.

Zamani kwa mzee Libérat aliyeonja ni mzee mwenyewe, tena kwa mbwembwe, akifumba macho na kulamba vidole. Halafu ikafika wakati mama Bernardine akawa anamnyang'anya kijiko. "Toka hapa, weye unamaliza asali ya wateja!" alimwambia, akaonja yeye, na sisi tukacheka. Tuliona ni utani wa watu waliozeeka pamoja. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Mama Bernardine alikufa mvua za kwanza zilipoanza. Tumbo lilimshika Jumapili akitoka misani, na kabla ya juma kwisha tulikuwa tumekwisha kumzika nyuma ya nyumba, karibu na mikaratusi. Nililia sana. Kuna watu wakifa unagundua kwamba ndio walioifanya safari ndefu ikawa fupi.

Siku ya kuondoa matanga nilikuwepo. Mzee alikuwa ametengeneza kinywaji cha asali, mtungi mkubwa, kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu marehemu alikuwa akikipenda. Watu walijaa uwanjani. Alijaza kikombe cha kwanza, akasimama nacho mbele ya Cyprien, kaka wa marehemu, na uwanja ukanyamaza kumngoja. Mzee alikitazama kile kikombe. Alikigeuza mkononi. Kisha akampa Cyprien hivyo hivyo, bila kukigusa kwa mdomo. Cyprien alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akakiweka chini karibu na kiatu chake, na kikabaki pale mpaka nzi wakazama ndani. Wa pili akafanya vile vile. Niliona mtungi mzima ukimwagwa kidogo kidogo nyuma ya migomba, na wamwagaji wakirudi wakijipangusa midomo.

Tangu siku ile nyumba ikaanza kupoa. Wanawake wa jirani wakapata kivuli kingine cha kumenyea mihogo. Shirika lao husali kila juma nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu, lakini zamu ilipofika kwa mzee Libérat ikaruka, ikatua kwa mwenzake, na mzunguko uliofuata ikaruka tena kana kwamba pale hakuna nyumba. Akipeleka asali kanisani, inapokelewa, inawekwa kwenye dirisha, na inakaa pale pale. Akimkaribisha mtu mhogo wa kuchoma, mtu anasema aksanti, anauchukua, anasema ataulia nyumbani. Njiani mbuzi wanafaidi. Na maneno yakashuka na barabara mpaka Uvira, mpaka kwenye benchi la kibanda changu: kama hakuweka kitu ndani, mbona hakunywa? Na mkewe alikufa na nini? Tumbo. Basi, wakanyamaza kwa ule unyamavu wao wa watu walioelewa.

Mimi nilipanda kwenda kununua asali kama kawaida yangu. Uwanja ulikuwa umefagiliwa vizuri mno, ule ufagiaji wa mtu asiye na kingine cha kufanya. Viti viwili vilikuwa vimewekwa nje, vinatazamana, na hakuna aliyekaa. Mzee aliniona tangu kwenye mihogo, akaja kunipokea akichechemea, na akaanza kuongea kabla hatujafikiana. Aliongea juu ya maua ya mikaratusi, juu ya mzinga uliohamwa, juu ya kuku aliyeliwa na kicheche, juu ya mtu aliyepita juzi barabarani anayefanana na mdogo wake. Maneno yalikuwa yamemjaa kifuani muda mrefu. Mwanawe mkubwa, Claude, yuko Lubumbashi na hupiga simu Noeli. Binti yake, Amandine, yuko Rugenge, hapo hapo Uvira, nyumba kadhaa kutoka kwa dada yangu, na tangu matanga yaondolewe hakuwa amekanyaga kwa baba yake.

Akaniletea sahani ya masega, akaiweka mbele yangu, akaisukuma kidogo kwa kidole. Hakuonja. Mimi neno nikiliweka moyoni linanikaba, kwa hiyo nikasema.

"Mzee, onja kwanza."

Aliinama, akakunja mguu wa suruali. Juu ya kifundo cha mguu kulikuwa na kidonda kilichofungwa kitambaa, na harufu yake haikuwa nzuri.

"Mama Fanny, minye sikule tena asali. Niko na maladi ya sukari. Mwiba ilinichoma hapa mwaka moja, kidonda ikakatala kupona, ndiyo wakanipima ku hopitali. Waliniambia asali, hata kidogo, hapana."

"Na mama Bernardine alijua?"

"Yeye ndiye alikuwa ananifichia. Alikuwa anaonja mu nafasi yangu." Alikunjua suruali polepole. "Siku moja nilikaidi. Nilikula sega mzima, nikasema waganga hao wa hopitali watajua nini. Nilianguka mu jikoni, nikaamukia ku hopitali, Bernardine analia."

Nitasema ukweli: nilicheka. Mfuga nyuki mwenye ugonjwa wa sukari, jamani. Ikanitoka tu. Yeye naye akacheka, akacheka mpaka akafuta macho, na nikaona kwamba ni muda mrefu hajacheka na mtu. Ndipo hasira zikanipanda.

"Sasa juu ya nini hausemi? Wantu wanakimbia nyumba yako! Sema, niko mugonjwa, yaishe!"

"Nikisema, nani atanunua asali? Watasema asali ya Libérat ndiyo inaleta maladi, ilianza kumupiga mwenyewe." Akaashiria kwa kidevu kule nyuma ya nyumba. "Tena Amandine akisikia, atakuya kunibeba. Ataniweka Rugenge, ku kiti, mbele ya televizio, nikunywe dawa nikilala. Mizinga atabaki nayo nani? Na Bernardine iko hapa. Minye siende."

"Lakini wanasema uko na sumu."

"Ninajua. Wanaogopa kula kwangu. Itapita."

Alijua hilo tu. Hakujua kwamba katika maneno hayo wanataja na jina la aliyeuawa. Nilimtazama yule mzee na suruali yake yenye kiraka alichoshona mwenyewe, uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi, nikakosa moyo wa kumwambia. Nikavuta sahani, nikala. Nilikula sega zima bila kuonjewa na mtu, na kama mnavyoona, sikufa.

Akaniapisha nisiseme. Mimi! Watu wa Kasenga wakitaka habari ifike Kavimvira kabla ya saa sita huniambia mimi. Lakini niliapa, kwa jina la mama yangu, na kiapo hicho kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilipokuwa naondoka, bidoni langu kichwani, akanifuata mpaka kwenye mihogo.

"Mama Fanny. Uniletee Amandine. Akuye akule hapa, mara moja tu. Wantu wakiona mutoto wangu anakula kwangu, watarudia." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na hata wasiporudia. Yeye atakuwa amekula."

Basi ikawa kazi yangu. Amandine ni mshonaji, mwanamke mtulivu, mpole hata na watoto wanaoiba vifungo vyake. Nilimwendea na kumwendea. Mara ana nguo za harusi za kumaliza. Mara mtoto ana kikohozi. Mara barabara si salama, ingawa wateja wake wa Sange wanaipita kila siku. Hakuwahi kumsema baba yake vibaya, hata neno moja. Alikuwa akiinamisha kichwa kwenye cherehani na kukanyaga kwa nguvu mpaka nikashindwa kusikia sauti yangu mwenyewe. Nilitamani kuitupa ile cherehani ziwani.

Kilichomtoa ni komunyo ya kwanza ya binti yake, Ninahazwe. Amandine alitaka asali ya karamu, na akaja kuniomba nimuuzie yangu.

"Asali ya sogokuru wake, babu yake wa damu," nikamwambia mbele ya wateja wote, "minye niitoe Luvungi nikuuzie weye, mutoto wake? Hapana. Sikuuzie. Uende ukanunue ku nyumba yenu, na mutoto umubebe. Minye nitakusindikiza."

Aliona haya, maana kila kikombe cha chai kilikuwa kimesimama hewani kumsikiliza. Jumamosi tukaondoka.

Mzee Libérat alikuwa amevaa shati lake la misa. Alikuwa amemwita kinyozi wa jirani akamnyoa, na ndevu zilizobaki alizichana. Mezani, nje, alikuwa ametandika kitambaa alichofuma marehemu, na juu yake sahani ya masega meupe, mapya, ya maua ya mikaratusi. Bidoni la asali ya karamu. Chupa ya kumpelekea mama mkwe wa Amandine. Na jagi la kinywaji cha asali kwa ajili yetu. Kila kitu kimefunikwa. Akamshika mjukuu wake usoni kwa mikono miwili. Yule mtoto alikuwa amemsahau kidogo, lakini hakuisahau asali, na mara tu sahani ilipofunuliwa akanyoosha mkono.

Amandine akamshika kifundo cha mkono. Akatabasamu.

"Ngoja sogokuru aonje kwanza."

Alisema kwa adabu. Mgeni angefikiri ni mama anayemfundisha mwanawe heshima. Lakini hakuuachia ule mkono wa mtoto, na niliona vidole vyake vilivyokaza mpaka kucha zikawa nyeupe. Mzee naye aliona. Nikafungua mdomo. Akatikisa kichwa, mara moja, kwangu mimi, kisha akakata kipande cha sega kwa vidole viwili, akakitia kinywani, akatafuna, akatema nta kiganjani na kutuonyesha kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Nzuri," akasema.

Mtoto akala. Amandine akala. Nilimwona mabega yakimshuka, uso ukimlainika, akawa tena yule msichana niliyemjua akimkimbilia mama yake uwanjani pale. Akacheka. Akataka kuona asali ya karamu. Mzee akafungua bidoni, na Amandine akangoja. Mzee akatia kijiko, akala. Akafungua chupa ya mama mkwe, na Amandine akangoja, mzee akala. Akamimina kinywaji kwenye kikombe, akakiinua, na akanywa nusu yake mbele ya macho yetu yote. Kila mara nilikuwa nikimkanyaga mguu mzima chini ya meza, na kila mara aliuvuta mguu wake.

Linaloniuma ni kwamba alikuwa na furaha. Jirani mmoja, Apollinarie, alikuwa akipita njiani na jembe begani, akaona binti wa Libérat ana asali mpaka kidevuni na mtoto wake analamba vidole. Akasimama. Akasogea kusalimu. Mzee akamimina kikombe kingine, akakionja, akampa, na Apollinarie akanywa, kwa mara ya kwanza tangu matanga. Wakaja na wengine wawili waliokuwa wakitoka mferejini. Uwanja ukapata watu. Mzee alisimulia kuku na kicheche, na safari hii palikuwa na watu wa kucheka. Kati ya hadithi na hadithi alikuwa akiomba maji, akamaliza kikombe cha maji, akaomba kingine.

Tulipoaga hakutusindikiza. Alisema mguu umechoka kidogo, akabaki ameshika mwimo wa mlango, anapunga mkono. Amandine alitembea mbele yangu katikati ya mihogo, bidoni kichwani, anaimba. Tulipofika kwenye mfereji akageuka.

"Mama Fanny, aksanti. Ulinisukuma, na ulifanya vizuri. Moyo wangu umepona. Kuanzia sasa tutakuya kila mwezi. Tutakuwa tunakula naye hivi hivi, kila mwezi."

Nilimwona mzee akilini mwangu, kila mwezi akifungua bidoni, chupa na jagi. Mama yangu anisamehe huko aliko, kiapo kikaishia pale.

"Amandine. Baba yako iko na maladi ya sukari. Ndiyo ile kidonda ya ku mguu. Asali ilikatazwa kwake kabisa. Mama yako alikuwa anajua, ndiye alikuwa anamuonjea."

Alinitazama kama anayesubiri nimalize utani.

"Sasa juu ya nini amekula?"

"Juu weye ulikuwa unamungojea."

Alilishusha bidoni katikati ya njia, akageukia kule tulikotoka, akaanza kukimbia, na kitenge kikamfunguka akakishika kwa mkono mmoja. Palikuwa na motari anaosha pikipiki yake mferejini. Nikamwambia atufuate mpaka juu, kuna mzee wa kupelekwa hopitali, kisha nikabeba bidoni, nikamshika Ninahazwe mkono, tukapanda. Mimi si wa kukimbia tena. Njia nzima mtoto aliniuliza kwa nini mama anarudi, na nilimwambia amesahau kitu.

Apollinarie na wenzake walikuwa wamekwisha kuondoka. Mzee alikuwa amekalishwa kwenye kiti, kikombe cha maji mkononi, jasho linamtiririka kwenye kola ya shati la misa. Amandine alikuwa amepiga magoti karibu na meza. Amefunua kila kitu. Alichovya kwenye sahani akala, akamimina kutoka kwenye chupa ya mama mkwe mpaka kiganjani akalamba, akainua jagi akanywa kwa pupa, asali na kinywaji vinamshuka mpaka kwenye viwiko, na alikuwa analia kwa sauti.

"Angalia, papa. Ninakula. Usionje. Usionje tena hata siku moja. Ninakula minye."

"Basi, mutoto wangu," mzee alikuwa anamwambia. "Basi, itakutapisha."

"Unisamehe, papa. Wantu walisema sana. Walisema mama hakufa bure. Walisema ulimupa..."

Akajikamata, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nilisimama pale pale nilipokuwa, na mtoto akaniminya vidole.

Mzee Libérat alikiweka kikombe chini taratibu. Macho yake yalikwenda kule nyuma ya nyumba, kwenye mikaratusi, yakarudi.

"Bernardine?" akauliza. "Wanasema minye nilimupa Bernardine?"

Pikipiki ya motari ilisikika ikipanda kwenye mihogo.

"Na weye, Amandine?"

Alimuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Amandine alikuwa ameshika sega. Alilitia lote mdomoni, na nta yake, akatafuna akiwa ameinamisha macho. Mzee aliendelea kumtazama, anangoja jibu. Na Amandine, kabla hajameza lile, akanyoosha mkono akachukua jingine.